Sheikh Uwesi wa Barawa: aliuawa na nani, na jina lake lilifikaje katika zikri zetu?

Msomaji mmoja wa Tanga ameniandikia hivi: "Assalamu alaikum, Ustadh. Marehemu bibi yangu alikuwa mtu wa tarika ya Kadiria na ameacha daftari la kasida na uradi lililoandikwa kwa hati za Kiarabu. Baada ya jina la Sheikh Abdulkadir Jilani, katika kurasa kadhaa, linatajwa jina la Sheikh Uwesi wa Barawa. Mjomba wangu anasema sheikh huyu alikuwa Msomali, tena aliuawa na Mawahabi. Jirani yetu anasema hapana, aliyemuua alikuwa sufi mwenzake. Naomba unieleze maisha yake, nani alimuua, na iweje bibi yangu, Msambaa wa Lushoto, awe anamwombea dua mtu wa Barawa?"

Waalaikumu salaam, ndugu yangu. Nianze na lile linalogombaniwa nyumbani kwenu: katika hili jirani yenu ana haki. Sheikh Uwesi bin Muhammad aliuawa tarehe 14 Aprili 1909 mahali paitwapo Biyoley, bara ya kusini ya Somalia, na waliomuua walikuwa wafuasi wa Sayyid Muhammad Abdallah Hassan, ambaye mwenyewe alikuwa kiongozi wa tarika, yaani njia ya kisufi, iitwayo Salihia. Lakini jibu hilo likiachwa hivyo litakupotosha, kwa sababu utabaki kujiuliza imekuwaje watu wawili wa njia moja ya kumtaja Mwenyezi Mungu wafikishane kwenye damu. Ili kulielewa hilo, na ili kuelewa jinsi jina lake lilivyopanda milima ya Usambara, ni lazima tumfuate tangu alikotoka, na hasa tuiangalie karatasi moja aliyorudi nayo kutoka safarini, yaani ijaza.

Barawa alikozaliwa mwaka 1847 ni mji wa bandari katika pwani ya Banaadiri, kusini ya Mogadishu. Mjomba wako akisema alikuwa Msomali hakosei sana, kwa maana nasaba yake inahesabiwa miongoni mwa Watunni, kabila la Kisomali la eneo hilo. Lakini neno hilo likiachwa peke yake linauficha mji wenyewe. Watu wa Barawa wanayo lugha yao, Chimini, ambayo ni ndugu wa damu wa Kiswahili chetu. Jina lake tu linakuonyesha undugu huo: pale tunaposema *ki-* wao husema *chi-*, na mji kwao ni *mwi*, kwa hiyo Chimwini, au Chimini kama inavyotamkwa na wengi, maana yake si nyingine ila "Kimjini", lugha ya watu wa mjini. Mtoto wa Barawa wa zama zile alikua akisikia Chimini nyumbani, Kisomali sokoni na Kiarabu chuoni, na Sheikh Uwesi alikuja kutunga mashairi kwa lugha zote tatu. Msambaa aliyesoma Kiswahili kwa hati za Kiarabu hakuwa mbali naye kama ramani ya leo inavyotufanya tudhani.

Jambo la pili la kulishika kuhusu asili yake ni kwamba hakutoka katika nyumba kubwa. Hakuwa sharifu, hakuwa mtoto wa kadhi, wala ukoo wake haukuwa wa kutajwa katika orodha za maulamaa. Katika pwani yetu ya karne ya 19 hilo halikuwa dogo. Elimu ya juu ya dini kwa kiasi kikubwa ilikuwa mikononi mwa nyumba za masharifu wenye asili ya Hadhramaut, na tarika yao ya Alawia ilipita zaidi kwa baba kumrithisha mwana, pamoja na nasaba na heshima ya jina. Kijana asiye na nasaba hiyo aliweza kusoma sana na akaheshimiwa, lakini kiti cha mbele hakikuwa chake.

Alianza kusoma hapohapo Barawa, Kurani, nahau, fikihi ya Kishafi na misingi ya tasawufi, kisha karibu na mwaka 1870 akasafiri kwenda Baghdad. Huko ndiko lilipo kaburi la Sheikh Abdulkadir Jilani, aliyefariki mwaka 1166, na kizazi chake kilikuwa bado kinalinda kaburi, msikiti na tarika. Uwesi alisoma kwa Sayyid Mustafa bin Salman wa nyumba hiyo ya Jilani, akakaa chini ya malezi yake, akahiji Makka, na hatimaye akapewa ijaza.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa sababu wengi husikia neno ijaza wakadhani ni cheti cha kumaliza masomo. Niliwahi kuonyeshwa ijaza ya zamani ya Kadiria katika nyumba moja ya mwambao, karatasi ndefu iliyobandikwa kipande kwa kipande na kukunjwa mpaka mikunjo ikaanza kukatika. Juu kabisa palikuwa na hamdu na sala. Kisha ikaanza orodha: fulani amepokea kwa fulani, naye kwa fulani, jina chini ya jina, mpaka kwa Sheikh Abdulkadir, na kutoka kwake kupanda hadi kwa Sayyidna Ali na Mtume, rehema na amani zimshukie. Hiyo ndiyo silsila, mnyororo. Mwishoni yakaandikwa maneno machache yaliyokuwa na uzito kuliko yote yaliyotangulia, kwamba mwenye karatasi ameruhusiwa kusomesha uradi, yaani dua na nyiradi za tarika, kuongoza zikri, kupokea baia, yaani kiapo cha utii, ya mtu yeyote anayetaka kuingia, na kumpa mwingine ruhusa kama aliyopewa yeye. Ruhusa hiyo ya kumruhusu mwingine ndiyo iliyomfanya mtu kuwa khalifa, na nguvu yake haikutegemea baba yako ni nani.

Ndiyo maana mimi huona kuwa maisha yote ya Sheikh Uwesi yamo ndani ya sentensi ile ya mwisho ya ijaza. Alirudi nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1880, akipitia Hijazi na Yemen, kisha nchi ya Wasomali wa kaskazini, na njiani alizuru kaburi la Sheikh Abdirahman Zailai huko Kolonkol, katika Ogaden. Zailai alikuwa bingwa wa Kadiria kwa Wasomali na alikuwa amefariki mwaka 1882, muda mfupi kabla ya ziara hiyo. Wafuasi wa Uwesi waliisoma ziara ile kama makabidhiano, kwamba mzee ameondoka na kijana amepokea. Manakibu yake, yaani maandishi ya kusimulia sifa zake, yana mengi ya namna hii, na humo mna karama nyingi. Sikudharau karama hizo, lakini ni vizuri msomaji ajue kwamba manakibu huandikwa na mapenzi, ili yasomwe katika hadhara na kuamsha mapenzi mengine. Ukiyatafutia tarehe na idadi utayaonea, na ukiyachukulia kila neno kuwa ni tarikhi utajionea mwenyewe.

Barawa na Mogadishu hazikumtosha. Katika miaka hiyo ya 1880 alikwenda Unguja, na baadaye akarudi tena na tena. Mwanachuoni mkubwa wa Barawa, Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi, alikuwa tayari ni kadhi wa Kishafi Unguja, mtu wa kutegemewa na Masultani katika mambo ya dini na hata ya ujumbe, na akaja kuwa miongoni mwa watu wakuu wa Kadiria kisiwani mpaka alipofariki mwaka 1896. Mgeni kutoka Barawa hakuingia Unguja kama mtu asiye na mwenyeji.

Manakibu husema Sultani Barghash bin Said mwenyewe ndiye aliyemwita, na kwamba Masultani waliofuata, Khalifa bin Said na Hamad bin Thuwaini, walimheshimu na kumkirimu. Wapo wanaokwenda mbali zaidi na kusema Masultani hao waliingia tarika. Ukarimu naukubali. Hilo la kuingia tarika nalisoma kwa tahadhari, kwa sababu Barghash alikuwa Ibadhi, tena Ibadhi mwenye msimamo, na Maibadhi hawana desturi ya tarika za namna hii. Hata hivyo, Sultani aliyekuwa akibanwa na Waingereza upande mmoja, na tangu mwaka 1885 na Wajerumani upande wa pili, alikuwa na sababu nzuri ya kuwa karibu na sheikh ambaye neno lake lilisikika Banaadiri, ambako miji yake ya bandari ilihesabiwa kuwa chini ya bendera ya Unguja. Sheikh naye alipata nyumba, usalama na njia ya bahari. Kila mmoja alimhitaji mwenzake, na hilo halipunguzi ucha Mungu wa yeyote kati yao.

Lakini si Masultani waliompa Sheikh Uwesi umaarufu wake. Waliompa ni watu wa chini. Angalia miaka yenyewe: soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na utumwa wenyewe ukaondolewa nguvu ya sheria kisiwani mwaka 1897. Kati ya miaka hiyo miwili na baada yake, visiwa na mrima vilijaa watu waliokatika na makabila yao, Wamanyema, Wayao, Wanyasa, Wazaramo, wengi wao wameshasilimu lakini hawana nafasi katika msikiti zaidi ya kusimama safu za nyuma. Kadiria ya Sheikh Uwesi iliwafungulia mlango ambao haukuuliza ukoo. Unatoa mkono, unashika mkono wa khalifa, unasoma nyuma yake, na kuanzia siku hiyo unayo silsila: jina lako linaunganishwa na Baghdad kwa pete zisizokatika. Mtu ambaye hakuweza kutaja babu yake wa tatu aliweza sasa kutaja masheikh wake ishirini na zaidi.

Ingia usiku wa kuamkia Ijumaa mahali ambapo Kadiria bado iko hai, Unguja au Bagamoyo au Dar es Salaam, utaona jambo hilo kwa macho. Wanaanza wamekaa, kwa Fatiha, uradi na kasida za kumsifu Mtume na Sheikh Abdulkadir. Kisha khalifa anasimama na duara lote linasimama, bega kwa bega, mikono imeshikana. "La ilaha illa Llah" inaanza polepole, watu wakiinama na kuinuka kwa pamoja, halafu inaharakishwa, maneno yanafupishwa mpaka linabaki jina la Mwenyezi Mungu peke yake, na mwisho hata jina halisikiki tena kama neno bali kama pumzi nzito inayotoka vifuani mwa watu wote mara moja. Hiyo ndiyo iliyopewa jina la zikri ya kukohoa, na jina hilo lilitungwa na wasioipenda. Katikati anazunguka msomaji wa kasida, na sauti yake ndiyo inayowazuia wasipotee. Ndani ya duara hakuna safu ya mbele wala ya nyuma, na mtu aliyepanga chumba anaweza kuwa ameshikana mkono na mwenye nyumba wake.

Maulamaa kadhaa wa pwani, wakiwemo wenyewe watu wa tasawufi, hawakuipenda sauti hiyo. Walisema inalivunja jina la Mwenyezi Mungu na kuligeuza pumzi. Mabishano hayo ni ya kweli na yana hoja zake, na sitayamaliza hapa. Ninachotaka ukione ni kwamba ugomvi juu ya adabu ya zikri ulikuwepo ndani ya masufi wenyewe, kabla hajatokea mtu wa nje kuwalaumu.

Kutoka Unguja tarika ilifuata njia za misafara. Watu wa Barawa waliipeleka mpaka Tabora katika miaka ya 1890, ikafika Ujiji na Manyema ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ikashuka Kilwa, Lindi na nchi ya Wayao mpaka Nyasa, ambako baadaye mmoja wa waliojulikana kwa kuieneza alikuwa mwanamke, Mtumwa binti Ali, mwenye jina linalosema lenyewe alikotoka. Usambara haikuwa nje ya njia hizo. Tanga na Pangani zilikuwa bandari za misafara, na waalimu wa pwani walipanda milimani na vitabu vyao. Usidhani, hata hivyo, kwamba kila Mkadiria wa kwetu amepokea kwa Sheikh Uwesi. Ipo minyororo mingine iliyofika Afrika Mashariki bila kupita kwake, na baadhi ya vituo vyetu vikubwa vina silsila zao. Mtajwa mkubwa wa Bagamoyo, Sheikh Yahya bin Abdallah aliyejulikana kama Sheikh Ramiya, ni mfano wa jambo lilelile kwa mkono mwingine: aliletwa kutoka Manyema akiwa mtoto na mtumwa, akasoma, akawa sheikh ambaye waungwana wa mji walikwenda kumbusu mkono, akafanywa liwali na Waingereza, na akafariki mwaka 1931. Huwezi kuyaeleza maisha hayo bila kuieleza ijaza.

Wajerumani nao waliliona jambo hili, ingawa kwa jicho la hofu. Mwaka 1908, vita vya Maji Maji vikiwa vimeisha mwaka mmoja tu nyuma, zilizagaa kusini, hasa Lindi, nakala za barua iliyodai kutoka kwa mtu aitwaye Sheikh Ahmad, mlinzi wa kaburi la Mtume Madina, ikiwaonya Waislamu kwamba Kiyama kimekaribia na warudi katika dini. Maofisa wa Kijerumani waliogopa vita vingine, na uchunguzi wao uliwafikisha kwa Muhammad bin Khalfan al-Barwani, yule Rumaliza tajiri wa Ujiji aliyeshindwa na Wabelgiji na kuhamia Unguja. Kwa kuwa Kadiria ilikuwa na nguvu maeneo hayohayo, wapo waandishi wa tarikhi waliokuja kusema kuwa nyuma ya barua hizo ulikuwepo mkono wa Sheikh Uwesi, aliyekuwa akiwachochea Waislamu dhidi ya Wazungu. Mimi ushahidi wa hilo naona ni mwembamba. Kukaa mji mmoja na mtu, hata kusali naye, si sawa na kuandika naye barua.

Nalitaja hili kwa sababu ya ajabu iliyomo. Upande mmoja kuna wanaomfanya Sheikh Uwesi kuwa mchochezi wa siri dhidi ya wakoloni. Upande wa pili kuna wanaosema aliuawa kwa sababu alikubaliana na wakoloni, wakati Sayyid Muhammad akipigana nao. Yote mawili hayawezi kuwa kweli, na kwa maoni yangu hakuna hata moja linalosimama vizuri. Wote wawili wanampima kwa swali la Wazungu, naye shughuli yake ilikuwa nyingine.

Shughuli yake kwa miaka yake ya mwisho ilikuwa ni vijiji. Sheikh Uwesi alijenga makazi ya wafuasi wake bara, na Biyoley ilikuwa mojawapo: mahali pa kulima, kusomesha na kuleta zikri, ambapo watu wasio na ukoo wa kuwalinda, wakiwemo waliotoka utumwani, walipata ardhi na jirani. Kwa Wasomali wa bara, ambako mtu bila kabila ni kama mti bila mizizi, kijiji cha namna hii kilikuwa kabila jipya. Sheikh ndiye aliyekuwa babu yao.

Sasa mtazame Sayyid Muhammad Abdallah Hassan. Huyu naye alikwenda Hijazi, naye akakaa chini ya sheikh, Muhammad Salih wa Makka, naye akarudi na ruhusa ya kueneza njia yake, Salihia, tawi lililotokana na mafunzo ya Ahmad bin Idris. Tangu mwaka 1899 alikuwa vitani na Waingereza, Wahabeshi na Wataliano, vita alivyoviendesha mpaka kufa kwake mwaka 1920. Alikuwa mshairi mkubwa wa Kisomali na jemadari asiyechoka. Alikuwa pia mtu asiyevumilia kupingwa, na Wakadiria walikuwa wakimpinga waziwazi tangu siku za mwanzo alipojaribu kuieneza njia yake Berbera.

Hoja ya dini iliyowatenganisha ilikuwa tawasuli. Wakadiria humwomba Mwenyezi Mungu kwa jaha ya Mtume na mawalii, huzuru makaburi yao, na humwita Sheikh Abdulkadir katika kasida zao hali ya kuwa amekwisha kufa. Sayyid na watu wake waliona hilo kuwa ni kumtegemea maiti badala ya Mwenye uhai, na maneno waliyoyatumia yalifikia kuwatoa wenzao katika dini. Sheikh Uwesi hakunyamaza. Alitunga kwa Kiarabu shairi kali, akawaita kundi la shetani linalohalalisha damu za maulamaa na kuwazuia watu mlango wa wasila. Ukilisoma leo, ukijua lililofuata, unahisi kama mtu aliyekuwa akieleza kifo chake mwenyewe.

Hoja hiyo ilikuwa ya kweli, na sitaki kuifanya kisingizio. Lakini haikuwa peke yake. Hapa palikuwa na watu wawili wenye ijaza kutoka miji miwili mitukufu, Baghdad na Makka, kila mmoja akiwaambia Wasomali wa kusini watoe mkono wao kwake. Baia haiwi kwa wawili. Sayyid alikuwa akitafuta wafuasi katika makabila ya kusini, na kila kijiji kilichokuwa na halaka, yaani duara la zikri, ya Kadiria kilikuwa kijiji kisichomhitaji. Tarehe 14 Aprili 1909 kikosi chake kikaingia Biyoley na kumuua mzee wa miaka 62 pamoja na wafuasi wake 26. Wakadiria wameihifadhi tarehe kwa hesabu ya Kiislamu, mwezi 23 Mfunguo Sita mwaka 1327, siku chache baada ya Maulidi. Katika kipindi hichohicho, Muhammad Salih mwenyewe alimkana mwanafunzi wake kwa barua kutoka Makka, akimlaumu kwa damu za Waislamu anazozimwaga. Aliyempa ijaza ndiye aliyesimama hadharani dhidi yake, na kambi ya Sayyid ikatetereka vibaya kwa barua hiyo kuliko kwa mizinga mingi ya Waingereza.

Kwa hiyo kauli ya mjomba wako haiwezi kusimama. Mwaka 1909 Makka ilikuwa chini ya Waturuki na Sharifu wao. Jeshi la Wasaudi, ambao ndio waliobeba mafunzo ya Kiwahabi, liliingia huko mwaka 1924, miaka 15 baada ya Biyoley. Hakuna Wahabi aliyetia mguu katika kisa hiki. Naelewa kosa lilikoingilia: maneno ya Sayyid kuhusu makaburi na mawalii yanafanana na yale tuliyoyasikia baadaye kutoka kwa wengine, na katika zama zetu, Ash-Shabab waliposhika miji ya kusini ya Somalia, ikiwemo Barawa mpaka mwaka 2014, walivunja makaburi ya mawalii na kupiga marufuku ziara. Watu wameyachukua ya leo wakayarudisha nyuma miaka mia moja. Sayyid Muhammad alipinga tawasuli akiwa ndani ya tarika, akiwa na uradi wake na sheikh wake.

Mauaji yale hayakuizima Kadiria. Ijaza ilikwisha kutawanyika: makhalifa walikuwa Mogadishu, Unguja, Tabora, kila mmoja na ruhusa ya kumruhusu mwingine, na hapakuwa na kituo kimoja ambacho ukikivunja umeuvunja mnyororo. Barawa wenyewe waliendelea kuhifadhi tungo za Chimini za masheikh wao na za wanawake wao, ambao mashuhuri wao ni Dada Masiti, mshairi aliyefariki mwaka 1919. Vita vya Somalia vilipowatawanya watu wa Barawa tangu mwaka 1991, wakaja Mombasa, kisha wengine wakafika London, Atlanta na Columbus, tungo hizo zilisafiri nao, na bado zinaimbwa na akina mama katika vyumba vya sebuleni ambako watoto wanajibu kwa Kiingereza.

Sasa turudi kwenye daftari la bibi, Mwenyezi Mungu amrehemu. Usiridhike na kuliona jina la Sheikh Uwesi ndani ya kasida, kwa sababu kasida zake zilisomwa hata na watu wa minyororo mingine. Tafuta ukurasa wenye majina yaliyopangwa yakifuatana na neno *an*, yaani "kutoka kwa", jina hata jina. Mara nyingi huwa mwanzoni au kwenye kurasa za mwisho, na wakati mwingine huandikwa kwa wino mwekundu. Ukikuta Sheikh Uwesi anatajwa, na mara baada yake Sayyid Mustafa bin Salman, basi bibi alipokea kwa njia ya Barawa. Kisha rudi upande wa pili wa orodha, uyasome majina yaliyo kati ya Sheikh Uwesi na bibi yako. Hayatakuwa mengi, pengine matatu au manne, na hapo utawakuta waalimu wa Unguja, wa Tanga na wa Lushoto waliompokea mkono. Kurasa hizo zipige picha kwanza kabla hujalifungua daftari sana, kwani wino wa zamani hula karatasi, na mikunjo hukatika palepale palipoandikwa majina.